Chakula Tulikuja Nacho, Mwendo Tukauacha: Namna ya Kupunguza Uzito Tukiwa Ghuba



Mwaka jana nilimpeleka mama yangu kliniki hapa Maskati kupima damu. Ana miaka 66, mzaliwa wa Unguja, na yupo Omani tangu miaka ya sabini. Daktari alikuwa kijana wa kwetu, anazungumza Kiswahili vizuri. Akaitazama karatasi ya majibu, kisha akamuuliza: "Mama, kwa siku unakula nini?"

Mama akamjibu bila ya kusita: "Sili kitu, mwanangu. Chai tu na kitumbua."

Kile kipimo kinachoonesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu kilisoma 6.3. Chini ya 5.7 ni salama, kuanzia 6.5 ni kisukari. Mama alikuwa katikati, karibu zaidi na ubaya kuliko wema. Uzito wake ulikuwa kilo 86, na kimo chake ni sentimita 158. Daktari hakumpa dawa siku ile. Alimwambia: "Punguza kilo sita, utembee kila siku, urudi baada ya miezi minne. Ukirudi vilevile, tutazungumza habari nyengine."

Tulipofika nyumbani tukakaa tukahesabu. Vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Vitumbua viwili asubuhi, viwili alasiri. Tende na kipande cha halwa kila anapoingia mgeni, na nyumba yetu haikosi mgeni. Mchana wali wa nazi. Mama hakumdanganya daktari. Kwake yeye, kula ni kukaa mbele ya sinia. Vilivyobaki vyote ni "kuonja".

Nadhani wengi mnaosoma hapa mnaye mama, ami au khalati wa namna hii. Wengine ni sisi wenyewe. Ndiyo maana nimeona niandike nilichojifunza katika miezi ile.

Kwa nini sisi, na kwa nini hapa

Wazee wetu kule Unguja na Pemba walikula wali wa nazi, muhogo wa nazi, maandazi na vitumbua, na wengi wao walikuwa wembamba. Haya tunayoyakula leo ni yaleyale. Kilichobadilika ni kazi iliyokizunguka chakula.

Nazi ilianguliwa, ikafuliwa, ikakunwa kwa mbuzi, ikachujwa kwa kifumbu. Mpunga ulitwangwa kinuni. Maji yalichotwa kisimani au mferejini. Sokoni watu walikwenda kwa miguu, skuli kwa miguu, shamba kwa miguu. Mtu aliyekula sahani ya wali wa nazi alikuwa ameshaifanyia kazi kabla ya kuila, na alikuwa na safari nyengine baada ya kuila.

Huku nako hali ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1970 nchi nzima ya Omani ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami. Watu wa Nizwa na wa Sur walitembea na walipanda punda. Kisha zikaja barabara, magari na viyoyozi, neema ambayo tunamshukuru Mola kwayo. Lakini leo tui linatoka kwenye kopo, gari linatoka mlangoni na kusimama mlangoni, na mtu anaweza kumaliza siku nzima bila ya kutembea hata nusu kilomita. Chakula tulikuja nacho. Mwendo tukauacha.

Kwa hiyo tusikilaumu chakula cha kwetu, wala tusijilaumu kuwa ni walafi. Tunahitaji kuirudisha miguu, na kukilinganisha chakula na kazi tunayoifanya sasa.

Nitajuaje kama uzito wangu umezidi?

Kuna vipimo viwili rahisi. Cha kwanza, gawa uzito wako kwa kilo kwa kimo chako kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa mama: 86 gawa kwa (1.58 mara 1.58), jawabu ni kama 34. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kuhatarisha afya.

Cha pili ni futi ya fundi cherehani. Jipime kiuno, usawa wa juu kidogo ya mfupa wa nyonga, bila ya kubana tumbo. Mwanamke akifika sentimita 80, na mwanamme akifika 94, hatari imeanza. Kipimo hiki kina maana khasa kwetu kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo mabaya zaidi. Yanalizunguka ini na kongosho, na yanaifanya insulini, ile homoni inayoingiza sukari kutoka kwenye damu kwenda mwilini, isifanye kazi yake sawasawa. Mtu anaweza kuwa na mikono myembamba na uso mwembamba, lakini kitambi kikamletea kisukari na presha.

Kilo chache zinatosha

Habari njema ni kwamba mtu hahitaji kurudi kwenye umbo la siku ya harusi yake. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia zaidi ya watu 3,000 waliokuwa mpakani mwa kisukari, kama mama yangu. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki, na mazoezi yenyewe kwa wengi yalikuwa ni kutembea. Kundi jengine lilipewa metformin, dawa maarufu ya sukari. Dawa ilipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 31. Mwendo na chakula viliipunguza kwa asilimia 58, na kwa waliopindukia miaka 60 kwa asilimia 71.

Asilimia 7 ya kilo 86 ni kilo sita. Ndipo nilipoelewa kwa nini daktari aliitaja namba ile.

Jengine la kuelewa ni kwamba chakula ndicho kinachopunguza uzito zaidi, na mwendo ndio unaouzuia usirudi. Kutembea haraka kwa nusu saa kunachoma takriban kalori 150 kwa mtu mwenye kilo 80. Sahani iliyojaa ya biriani inaweza kupita kalori 700. Anayesema "nitakula tu, kisha nitatembea" hesabu yake haitafungika. Lakini anayepunguza chakula bila ya kutembea hupoteza nyama za mwili pamoja na mafuta, akawa dhaifu, na uzito ukarudi upesi. Vyote viwili vinahitajiana.

Tuanzie kwenye kikombe

Mahali rahisi pa kuanzia ni kwenye vinywaji, kwa sababu sukari ya kunywa haishibishi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari, yaani kalori 16. Vikombe vitano vya mama kwa vijiko vitatu ni vijiko 15, gramu 60, kalori 240 kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya chakula cha siku, kiasi cha gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na ikiwezekana ishuke mpaka 25. Mama alikuwa anauvuka mpaka kwa chai peke yake.

Serikali za Ghuba zimelitambua tatizo hili. Omani iliweka kodi ya asilimia 50 kwenye soda mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikaongeza vinywaji vyengine vyenye sukari. Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa. Lakini birika la nyumbani halina kodi, na chai ya karak tunayoinunulia dirishani mwa gari hatuihesabu kabisa.

Usikate sukari yote kwa siku moja, utairudia yote kwa siku moja. Tulimpunguzia mama nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi unazoea. Tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai viliongezwa ili chai isipoteze ladha yake. Sasa anakunywa vikombe vitatu kwa nusu kijiko, na ukimpa ya zamani anasema umemwekea shira.

Sinia na tui

Kula pamoja kwenye sinia moja ni katika mambo mazuri tuliyorithi, na sisemi tuyaache. Lakini sinia haina mpaka. Mtu hajui amekula kiasi gani, na bi mkubwa anamsogezea nyama na kumwambia "kula, mbona huli?"

Sisi tumefanya hivi. Kachumbari na mboga zinatangulia, sinia inafuata. Kila mtu anaanza na bakuli la matango, tungule, figili au saladi, au mchicha, bamia au bilingani. Kisha ndipo wali. Kipimo ni hiki: nusu ya chakula chako iwe mboga, robo iwe samaki, kuku au kunde, na robo iwe wali, chapati au mbatata. Kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa kina kalori kama 200, na wengi wetu tulikuwa tunakula vitatu bila ya kujua.

Tui lina hesabu yake. Kopo la mililita 400 la tui zito linaweza kuwa na kalori 700. Bibi zetu walikuwa na tui la kwanza na tui la pili, na tui la kwanza lilikuwa kidogo kwa sababu kukuna nazi ni kazi. Sasa tunafungua kopo mbili kwa sekunde. Turudi kwenye utaratibu wao: kwa wali au mchuzi wa watu sita, nusu kopo iliyozimuliwa kwa maji, na si kila siku. Samaki wa kupaka aweze kubaki Ijumaa. Siku nyengine nguru, jodari au changu achomwe kwa ndimu, pilipili na kitunguu thomu. Tunaishi kwenye pwani yenye samaki wa kila aina; hii ni bahati ambayo watu wa nchi nyingi hawana.

Mafuta ya kupikia nayo yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120, hata kikiwa cha mafuta ya zeituni. Vitumbua, sambusa, bajia na katlesi ziwe za siku maalumu, au ziokwe ovenini zikipakwa mafuta kidogo.

Mgeni na kahawa

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu si suala la njaa. Kukataa halwa ya mwenye nyumba kunaonekana dharau. Zaidi ya hayo, kwetu kunenepa kulikuwa sifa. "Mashaallah, umenawiri." Na anayepungua huulizwa kwa sauti ya chini: "Unaumwa?"

Mama alipopungua kilo nne, shoga zake wawili walikuja kumtazama mgonjwa. Wakamkuta jikoni anakatakata matango. Mmoja akamwambia, "Tumeambiwa umekwisha." Akawajibu, "Nilikuwa naelekea kwisha, sasa nimegeuza njia." Wiki ya pili yake mmoja wao alikwenda kupima sukari.

Kahawa chungu yenyewe haina tatizo, haina sukari. Tatizo ni vinavyokaa pembeni yake. Tende moja ya kawaida ina kalori 20 hadi 30, na ina nyuzinyuzi. Tende mbili au tatu si balaa. Tende kumi ni chakula cha usiku. Halwa ni sukari, samli na wanga. Iwe kijiko kimoja cha kuonja kwa heshima ya nyumba. Na wewe mwenye nyumba, mwekee mgeni pia matunda yaliyokatwa na lozi zisizokaangwa, na ukimwona hali usimlazimishe. Huenda ametoka kwa daktari jana.

Kutembea katika nchi ya joto

Shirika la Afya linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mara mbili kwa wiki afanye ya kutia nguvu misuli. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 kila siku. "Wastani" maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Tatizo letu ni jua. Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, Omani huzuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Kama mjenzi mwenye afya anazuiwa, na wewe usitoke kutembea saa hizo. Wakati wetu ni baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi.

Kwa wanaokwenda msikitini, hesabu ni nyepesi. Ukiwa msikiti uko mwendo wa dakika tano, kwenda na kurudi ni dakika kumi. Ukienda kwa miguu Alfajiri, Magharibi na Isha, umepata nusu saa kwa siku, dakika 210 kwa wiki, bila ya kuvaa nguo za mazoezi wala kulipa jim. Acha gari tu.

Wengine wana ufukwe wa Qurum na wa Azaiba, bustani ya Qurum, na kando ya bahari ya Matrah, ambako jioni utasikia Kiswahili kinapita mbele yako. Kiangazi kikizidi, maduka makubwa yenye viyoyozi yanafaa asubuhi kabla watu hawajajaa. Akina mama wengi wanatembea humo na mabuibui yao bila ya taabu. Walioko Qatar wana Siku ya Michezo ya taifa, Jumanne ya pili ya Februari tangu 2012, na Dubai kila mwaka tangu 2017 huwahimiza watu wafanye mazoezi dakika 30 kwa siku 30. Ni nafasi nzuri ya kuanza na familia nzima, alimradi usiache siku ya 31.

Mama alianza kwa dakika kumi baada ya chakula cha mchana, ndani ya nyumba, kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi. Tusilicheke jambo hili. Kutembea baada ya kula huizuia sukari isipande sana kwenye damu. Baadaye akaongeza kukaa na kusimama kwenye kiti bila ya kujisaidia kwa mikono, mara kumi, mara mbili kwa siku. Hayo ndiyo mazoezi yake ya misuli, na magoti yaliyokuwa yanalalamika yamepungua kulalamika.

Na Ramadhani?

Wengi huingia Ramadhani na kilo 80 na kutoka na 83. Siyo saumu inayonenepesha, ni meza ya magharibi. Fungua kwa tende na maji, nenda kasali, kisha rudi kwenye supu na chakula cha kawaida. Juisi za unga na vya kukaanga visiwe kila siku. Daku isiachwe, iwe na mayai, kunde au maziwa lala, ili njaa isikurudishe na pupa jioni.

Tahadhari

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze chakula wala kuanza kufunga bila ya kuonana na daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka ghafla, na hilo ni hatari. Mwenye maumivu ya kifua au pumzi fupi apimwe kwanza. Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika na aitazame miguu yake kila usiku.

Jihadharini na chai na vidonge vya kupunguza uzito vinavyouzwa kwa simu. Baadhi ya bidhaa za aina hii zimekutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 Ulaya na Marekani kwa madhara ya moyo. Sindano mpya za kupunguza uzito zinawafaa baadhi ya watu, lakini ni za daktari, si za shoga.

Mama alipofikia

Miezi minne ikafika. Kilo 81, si 80 kama tulivyotaka. Kipimo cha sukari 5.9. Bado yuko mpakani, lakini sasa anaelekea upande wa kurudi. Daktari akamwambia aendelee. Katikati palikuwa na harusi mbili na wiki tatu ambazo mzani haukusogea hata kidogo. Mwili hufanya hivyo, ukipungua nao huanza kubana matumizi. Siku hizo alitaka kuacha. Kilichomshikilia ni kwamba hatukumpikia chakula chake peke yake kama mgonjwa. Nyumba nzima ilikula mboga kwanza, nyumba nzima ilipunguza sukari, na mjukuu wake wa miaka tisa ndiye anayemwita Magharibi: "Bibi, viatu."

Basi wiki hii chagueni jambo moja tu kwa nyumba nzima. Nusu kijiko kipungue kwenye chai, au gari libaki nyumbani wakati wa Isha. Wiki ya tatu ongezeni la pili. Na kama kuna mzee nyumbani hajapima sukari mwaka huu, mpelekeni, na mkikaa kwa daktari mkamsikia anasema "sili kitu", msimkatize. Rudini naye nyumbani mkahesabu pamoja.

Mola atupe afya sote. Wassalaam.